Sifa za Diski Nzito

Diski nzito ni ile inayofanya kazi yake yote, ila kwa wakati wake. Haijafa. Faili hufunguka na ripoti hutoka, lakini katikati hapo chai huwa imemiminwa, imenywewa na kikombe kimeoshwa. Kwa kosa hilo dogo hutukanwa katika ofisi nyingi, kutoka Mwanza mjini hadi Kisesa na Bujora, na hakuna anayeikumbuka kwa neno jema. Hata hivyo, fadhila zake ni nyingi.

Ya kwanza ni kushika mila. Diski ya kwanza kuuzwa, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika na kubeba herufi milioni 5. Diski ya kawaida ya seva leo hubeba mzigo huo mara mamilioni, lakini huzunguka mara 7,200: mwendo wa mababu mara sita tu. Bujora, ambako Padri David Clement alianzisha Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968, ngoma na viti vya watemi hutunzwa kwa heshima. Kwa vigezo hivyohivyo, diski ya sahani imestahili chumba chake.

Fadhila ya pili ni kuwafunza adabu wenye kasi. Kichwa cha diski ni kama karani wa masijala: kila ombi likija huinuka, huenda kwenye kabati lake, husubiri droo ipite mbele yake, ndipo asome. Safari huchukua milisekunde 8 au 9, na kusubiri sahani kuzunguka huchukua wastani wa milisekunde 4. Kwa hiyo maombi yaliyotawanyika huku na huko hayazidi 80 hivi kwa sekunde. Yakiwa ya kilobaiti 4 kila moja, diski inayoweza kutoa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde ikisoma mfululizo hutoa kilobaiti 320 tu. Prosesa ya gigahezi 3 hupitisha karibu mizunguko milioni 40 ikingoja ombi moja. Kwenye Linux, programu iliyokwama hapo huandikiwa herufi D, na hata ikiamriwa kufa haifi mpaka diski ijibu. Ndiyo maana mzigo wa seva husomeka mkubwa mno ilhali prosesa imekaa bure.

Ya tatu ni kumlazimisha fundi afuate utaratibu. Anayekimbilia kununua diski mpya mara nyingi huhamisha tatizo kwenda kwenye chuma kipya. Diski nzito humtaka aulize maswali kwa zamu. Kwanza, je, ni diski kweli? Kumbukumbu ya muda ikijaa, mfumo huhamishia kazi zake diskini na lawama zote huiangukia diski. Pili, nani anaisumbua? Programu ya iotop huwataja wahusika, na mara nyingi hukutwa ni bakapu iliyopangwa saa za kazi, au kinga ya virusi inayokagua kila faili. Tatu, foleni ina urefu gani? Amri ya iostat huonyesha muda ambao kila ombi limesubiri: milisekunde 10 ni hali ya kawaida kwa diski ya sahani, 200 ni kilio. Nne, diski zimepangwaje? Katika RAID 5, mpango wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, badiliko dogo moja huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu yake ya ulinzi, kisha kuandika zote mbili upya. Na betri ya kidhibiti cha RAID ikichoka, kidhibiti huacha kuandika kwanza kwenye kumbukumbu yake na badala yake hupeleka kila kitu moja kwa moja diskini. Ofisi nzima huona uzito, chanzo ni betri.

Ya nne ni kutokata tamaa. Ikikuta sehemu mbovu, diski ya kompyuta ya mezani huweza kurudia kuisoma kwa makumi ya sekunde. Diski za RAID zimeumbwa na moyo mwepesi zaidi: hujaribu kwa sekunde 7 hivi, kisha huungama.

Ya tano ni sikio. Kichwa hufuata njia ambazo upana wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, hivyo mtikisiko mdogo hukitoa mstarini. Mwaka 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alizipigia kelele diski kwa karibu, na grafu ikaonyesha zikichelewa papo hapo. Wakazi wa Bujora wasiwe na hofu: wakati wa tamasha la Bulabo, vikundi vya Kisukuma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kwa ngoma kila Juni, ngoma ya uwanjani haiwezi kusingiziwa kosa la seva iliyo ofisini. Mtikisiko wenye madhara kwa kawaida huanzia mlemle ndani, kwenye feni iliyolegea au rafu isiyotulia.

Ya sita, na iliyo kubwa, ni ukweli. Diski huandika maradhi yake katika taarifa za SMART. Namba 5 huhesabu sehemu zilizohamishwa, 197 zinazosubiri uamuzi, na 199 makosa ya mawasiliano, ambayo chanzo chake mara nyingi ni kebo ya bei ndogo. Namba 5 na 197 zikiendelea kupanda, uzito huo ni wosia. Hata hivyo si diski zote huaga: utafiti wa Google wa mwaka 2007 ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu za SMART.

Hapo ndipo diski nzito inapowashinda wenzake waliokufa kimya: imetoa muda. Muda huo ni wa kunakili kila kilichomo kwenda kwingine na kujaribu kama nakala inafunguka. Uchunguzi ufuate baadaye, na sifa hizi zisomwe mwisho.