Shemeji, Tangi Lako Lina Nini? Mambo Saba Kabla Dizeli Haijatoka Kisii

Shemeji ana safari. Atapitia Keroka na Nyamira kuaga wazee, arudi Kisii, ateremke Migori hadi Isebania, avuke Sirari na kuitafuta Mwanza. Amenunua taa za ziada, kiti cha kukunja na miwani. Filta ya dizeli hana hata moja ya akiba. Basi tuhesabu kurudi nyuma, tuanze na dogo.

7. Ijue injini yako. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ ina pampu ya kimekanika, na huvumilia mengi, kama mzee aliyelelewa kwa obokima, yaani ugali, na mboga za chinsaga. Gari la siku hizi la komoni reli ni mtoto wa mjini: pampu yake husukuma dizeli kwa zaidi ya baa 1,000 (si zile baa unazozijua wewe) kupitia matundu madogo mno ya injekta. Uchafu kidogo tu, linalazwa.

6. Bei ikikupendeza sana, uliza. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za juu za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, mji kwa mji, na Kisii imo. Sasa huyu wa mtungi kando ya barabara ana mjomba Uarabuni? Ujanja wa miaka mingi ulikuwa kuchanganya dizeli na mafuta taa, kwa kuwa mafuta taa yalikuwa rahisi. Serikali ilijibu Septemba 2018 kwa kuyatoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, na pia hutiwa kemikali ya alama ili wakaguzi wayagundue ndani ya dizeli. Pampu ya gari lako haina maabara. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta taa ni makavu: hukwangua chuma kimyakimya mpaka siku ya bili.

5. Lori likishusha mafuta, pita. Tangi la chini ya kituo linapojazwa, uchafu na maji yaliyotulia huvurugika. Kaa saa moja mbili unywe chai. Uko Nyamira; chai haijawahi kuwa tatizo.

4. Chupa nyeupe ya glasi. Kinga dizeli kidogo, iache itulie, itazame kwenye mwanga. Maji huzama chini, uchafu huonekana. Mafuta taa hutayaona, kwa hiyo usijitangaze mkemia.

3. Jaza tangi jioni, si asubuhi. Tangi nusu tupu lina hewa, hewa ina unyevu, na baridi ya usiku ya Keroka huugeuza unyevu huo kuwa matone. Maji yakikaa chini ya dizeli kwa muda, vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana, na kinachotoka ni ute mweusi unaoziba filta. Halafu kuna suala la kifuniko. Shemeji, kitambaa kilichosokotwa mdomoni mwa tangi si kifuniko. Mvua ya Gusii inakijua kwa jina.

2. Filta mbili za akiba, na mkono unaojua kuzifunga. Filta iliyoanza kuziba hukuficha siri kwenye tambarare. Gari linakwenda vizuri Suneka, unapiga honi, unasalimia watu. Ukianza kupandisha kuelekea Keroka, injini inataka mafuta mengi, hayaji, na gari linakata pumzi katikati ya mlima huku lori la ndizi likikupigia honi nyuma. Mwendesha boda atakuambia ni turbo. Fundi wa kwanza atakuambia ni pampu, tena ana moja "safi kabisa" nyumbani kwake. Badilisha filta kwanza! Kisha piga ile pampu ndogo ya mkono hadi iwe ngumu, hewa itoke, ndipo uwashe. Ukiwa na pesa ya taa za ziada, basi una pesa ya filta ya pili ya kutenganisha maji, ifungwe kabla ya ile ya kiwandani. Na usinunue ya bei ya karanga: karatasi yake ikipasuka, inakuwa sehemu ya uchafu.

1. Toa maji. Najua, ulitarajia wezi. Sisi hupenda kulaumu wachakachuaji kwa sababu mwizi ana hadithi tamu kuliko mvua. Lakini huku kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, na tangi la kituo lenye mfuniko mbovu halihitaji mhalifu. Chini ya filta kuna kijiparafujo cha plastiki. Kilegeze injini ikiwa imezimwa, maji yatangulie, ufunge dizeli safi ikianza kutoka. Fanya hivyo kila baada ya kujaza mahali usipopaamini, na mara moja taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi. Ile si pambo la Krismasi. Usimwage kwenye majani chai ya watu. Kinga kwa kikopo.

Si hicho, shemeji. Hicho ni cha dada yangu, na anakitafuta tangu asubuhi.