Tafadhali Usijibu

Hapa Mbalibali ukishakuwa na simu ya maana, umekuwa steshenari. Kila kijana aliyemaliza chuo ananijia jioni na shikamoo ndefu, na nikisikia shikamoo ya urefu ule najua kuna kitu cha kuambatanisha.

Safari hii alikuja binti wa kaka yangu, mwenye stashahada ya mambo ya hoteli. "Baba mdogo, hoteli ya kitalii huko hifadhini inatafuta mtu wa mapokezi. Ila wanapokea kwa imeili tu." Hifadhi yenyewe ni jirani yetu. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka Serengeti na Masai Mara kila mwaka, wanavuka mpaka wa nchi mbili na hakuna anayewadai kiambatanisho. Mtoto wa hapa hapa ndiye wa kudaiwa.

Nikamwuliza imeili yake. Kimya. Kumbe aliifungua fundi aliyemuuzia simu kule Mugumu, na kama kawaida yao, jina akaweka la duka lake, paswedi akabaki nayo kichwani. Kwa hiyo mtandaoni mwombaji wetu anajulikana kama duka la makava na chaja. Tulipompigia fundi, akasema paswedi anaikumbuka vizuri, ila yuko msibani.

Tukafungua nyingine, tukaingia kwenye CV. Vijana wa steshenari hawaandiki CV. Wanafuta jina la mteja wa jana na kuweka la leo. Niliisoma yote, maana sioni nani mwingine angeisoma. Binti yetu, Mkurya wa kuzaliwa na kukulia huku, anaongea Kijita kwa ufasaha. Ana leseni ya udereva daraja C. Anapenda kusoma vitabu, kusikiliza nyimbo za injili na kubadilishana mawazo, kama wahitimu wote wa mkoa wa Mara. Mwisho kabisa anathibitisha kuwa maelezo hayo ni ya kweli, na chini ya uthibitisho limekaa jina la mwanamume wa Musoma.

Uzoefu, wanataka miaka miwili. Tangazo hilo hilo linasema nafasi ni ya wanaoanza kazi. Niliacha kulisoma kwa ajili ya presha yangu.

Vyeti navyo mama yake alivipiga laminesheni. Nikipiga picha karibu na dirisha, mwanga unalalia alama ya Kiingereza. Nikihamia kivulini, kidole gumba changu kinafunika nembo ya Baraza la Mitihani. Na vyote viwe PDF moja, isiyozidi megabaiti 2. Nasikia Mmarekani mmoja, Nathaniel Borenstein, ndiye aliyetuma viambatanisho vya mwanzo vya mtindo huu tunaoutumia, tarehe 11 Machi 1992. Alituma nini? Picha yake akiwa na wenzake watatu wa kikundi cha kuimba, na sauti yao juu. Hakuna aliyemwomba wadhamini watatu wenye namba za simu!

Mtandao wa uhakika uko juu ya kichuguu, nyuma ya zizi la kaka. Tukasimama pale hadi ng'ombe wakarudi, duara linazunguka tu. Ikaondoka. Hatujafika hata uani, simu ikalia.

"Baba mdogo, wamejibu!"

Mji mzima ukatoka. Nikasoma kwa sauti: maombi yamepokelewa, usiposikia kutoka kwetu ndani ya wiki mbili ujue hukufanikiwa, tafadhali usijibu ujumbe huu. Nikaanza kueleza kwamba hiyo ni mashine, inamjibu hivyo kila mtu.

"Shemeji," mama yake akanikata, "wameipata au hawajaipata?"

"Wameipata."

"Basi kuku achinjwe."

Kaka yangu akataka niwaandikie tu neno la shukrani, si adabu kukaa kimya. Nikamwambia wamekataza. Akasema hiyo ni kazi ya namna gani. Lakini kuku alikuwa ameshakamatwa, na mimi nikaagiza paja.