Molekuli na Kangomba

Mwaka 1999 Woutersen na Bakker, kule Amsterdam, walionesha kwamba mtetemo wa molekuli ya maji huhamia kwa jirani yake kwa muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Hakuna stakabadhi, hakuna mhuri.

Maji hayohayo yamo ndani ya korosho ghafi, zikiwemo za hapa Naliendele, jirani na kituo cha utafiti wa korosho. Kifungo cha oksijeni na hidrojeni hutikisika takriban mara trilioni 100 kwa sekunde. Wanafizikia wanatamani kupachika taarifa za kwanta kwenye mitetemo ya namna hiyo, molekuli zipokezane. Kinachowakwaza ni joto na purukushani za majirani: taarifa hufutika kabla haijafika mbali. Pole zao. Huku kwetu nako, bei ya mnada wa korosho ikimfikia bibi shambani, kangomba, yule mlanguzi wa korosho, keshapita na kipimo chake.

Tena wanafizikia hao wana kanuni yao, iliyothibitishwa mwaka 1982: hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki. Ikihamia kwa jirani, wewe hutabaki nayo. Hebu ipeleke kanuni hiyo ofisini uone. "Lete kopi tatu, mzee wangu, na ya kitambulisho."

Kangomba mwenyewe ni kwanta mtupu. Yupo vijiji vyote kwa wakati mmoja, mpaka mgambo afike. Akimulikwa tochi tu, anageuka mgeni aliyekuja msibani. Na magunia je? Ya wafiwa hayo.