Elfu Tano ya Mpagazi

Noti ya shilingi elfu tano niliyopewa njiani Bungu bado iko nyumbani, na mke wangu amekataa isitumike. Anasema huo ni mshahara wangu wa kwanza katika sekta ya utalii, haufai kununuliwa nyanya.

Alinipa bibi mmoja wa Kizungu, mwenye kofia pana na fimbo mbili za kutembelea. Sisi tulikuwa tunatokea upande wa Bumbuli, tunateremka. Yeye na wenzake wanapanda. Nilikuwa nimebeba shanta langu mgongoni na la mke wangu kifuani, maana kiatu chake kipya kilikuwa kimemchubua kisigino, naye alitangulia peku, viatu mkononi, anaimba. Nikajibanza ukingoni niwapishe. Wakapita mmoja mmoja, jambo, jambo. Bibi yule akasimama. Akalitazama shanta la mbele, akachungulia la nyuma, akatikisa kichwa. "Pole sana," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa. Kisha akanitia noti kiganjani na kunikunja vidole juu yake, kama shangazi anavyompa mtoto hela ya peremende siku ya Idi.

Nikafungua mdomo. Mwongozaji wao, kijana wa Kisambaa, akaniwahi. "Pokea tu, kaka. Usimvunje moyo mama wa watu." Akasogea karibu, akashusha sauti ikawa ya kikazi. "Wageni wako umewaacha wapi?"

"Sina wageni. Niko na mke wangu."

"Sawa. Na hii mizigo ya nani?"

"Yetu."

Akayatazama mashanta tena. "Mnahama?"

"Tunatembea tu."

Jibu hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akaona afadhali turudi kwenye kazi. Jumamosi alikuwa na kundi la kwenda msitu wa Mazumbai, mizigo yao mizito kidogo, lakini mimi mgongo ninao. Angeweza kupata namba yangu?

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye jiwe, anasikia yote. "Mpe namba, baba," akasema. "Mjini hela haikai."

Safari yenyewe ilikuwa iwe ya Asia. Mke wangu alikuwa na mpango kamili: Bangkok, Hanoi, Kathmandu, mashanta mgongoni, kulala hosteli za bei poa, kula barabarani. Tukanunua mashanta. Tukauliza nauli ya ndege. Tukashukia Mombo.

Sasa nieleze shanta, kwa sababu nililiamini. Siri yake, kwa maelezo ya muuzaji, ni mkanda wa kiunoni. Ukiufunga barabara juu ya mifupa ya nyonga, uzito unahama mabegani na kuketi chini, kwenye mifupa minene na misuli ya miguu. Mikanda ya mabega inabaki kulizuia tu lisiyumbe. Ni kweli kabisa, na kwenye sakafu ya duka nilijisikia mwepesi. Asichosema muuzaji ni kwamba uzito wenyewe unabaki nyuma yako, kwa hiyo lazima uiname mbele ili wewe na mzigo wako mpate kusimama juu ya nyayo zako. Kwenye mteremko wa Usambara wenye udongo mwekundu uliolowa, kuinama mbele ni kuomba kuanguka kifudifudi, na kutoinama ni kukaa kitako. Nilikaa kitako.

Nikiwa hapo chini akatupita bibi mwenye mkungu wa ndizi kichwani, ngata ya majani ya mgomba chini yake, kandambili miguuni, mkono mmoja unaning'inia bila kazi. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Poleni. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, bibi."

Akatuonea huruma kwa dhati, akapotea kwenye kona kabla sijasimama.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 1986 Maloiy, msomi wa Nairobi, pamoja na akina Heglund walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima akina mama wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Walipima oksijeni wanayotumia wakitembea. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote. Bure! Mzigo wa asilimia 30 uliwaongezea asilimia 10 tu. Maelezo yakaja mwaka 1995, na ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Mtu akitembea, mwili wake unapanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha unaangukia mbele. Ile nguvu ya kuanguka inageuka kuwa mwendo, na mwendo unageuka kuwa nguvu ya kupandia hatua inayofuata. Kila mzunguko sehemu fulani inapotea, na misuli inalazimika kuifidia. Mimi nawe tukibebeshwa mzigo tunaendelea kupoteza vilevile. Akina mama wale wakibebeshwa wanapoteza kidogo kuliko wakitembea mikono mitupu. Mzigo unawanyoosha mwendo. Na hiyo Asia tuliyoikosa ina wataalamu wake pia: mwaka 2005 walipimwa wapagazi wa Nepal kwenye njia ya Namche, chini ya Everest, ambako wanaume walikuwa wamebeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao, kwa ukanda wa pajini kama Wakikuyu.

Haya yote niliyasoma kwenye simu nikiwa nimelala kifudifudi gesti, taulo la maji ya moto mgongoni. Kwa hiyo bibi wa mkungu wa ndizi hakunipita kwa kuwa ana nguvu kuliko mimi. Alinipita kwa fizikia. Mke wangu anasema ana nguvu pia.

Milima hii imezoea kumpima mgeni kwa mzigo wake. Mbegha, kwa simulizi aliyoiandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alikuja akitokea Nguu, mwindaji mwenye mbwa na nyama ya nguruwe mwitu, na Wasambaa wakampa ufalme. Mwaka 1857 Burton na Speke walipanda mpaka Vuga kumwona mfalme Kimweri, vitabu vikawaita wapelelezi, ingawa mmisionari Krapf alishafika mwaka 1848, na wenye nchi walikuwa wakipita humo kabla yao wote. Katika safari hiyohiyo, kwenye ngome ya Chogwe karibu na mto Pangani, Burton na Speke walimpata askari mmoja, Sidi Mubarak Bombay. Akaenda nao Ziwa Tanganyika, akaenda na Speke mpaka Misri, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, akavuka bara na Cameron mpaka bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha London kikampa medali ya fedha. Wachache kati ya waliomlipa walilitembea bara hili kuliko yeye. Lakini waliomlipa ndio wasafiri. Yeye alikuwa mtu wao.

Hapo kicheko kinanikauka. Mlinzi wa hoteli moja Lushoto alituona na mashanta akatuelekeza, kwa adabu kabisa, kwamba madereva wanalala nyuma. Bei za pale zilikuwa za dola. Kila msimu wa likizo redio inatuhimiza tutalii kwetu, tuache kusubiri wageni waje kutuonyesha nchi yetu. Tunafika, na mtu mweusi akionekana mlimani na mzigo, mzigo huo lazima uwe na mwenyewe, na mwenyewe lazima awe nyuma kidogo, anapiga picha. Yule bibi wa Kizungu simlaumu sana, alitoa alichonacho. Yule kijana ni ndugu yangu, tunasikiliza redio moja.

Mengine hayana uzito. Kwenye kitabu cha wageni pale gesti, penye sababu ya safari, mhudumu aliandika "msiba" bila kutuuliza. Gari la kushuka Korogwe lilikuwa limeshaondoka alfajiri. Bodaboda alifunga mashanta mbele, sisi nyuma, mvua juu. Kinyonga wa pembe mbili tuliyetamani kumwona huku alionekana na mke wangu peke yake.

Neno moja kwa waongozaji wa Lushoto. Siku tuliyofika, kila Mzungu aliyeshuka kwenye basi alifuatwa mpaka ndani ya duka la maji, akaonyeshwa picha za maporomoko, akapunguziwa bei kabla hajauliza. Sisi tulikaa stendi na mashanta yetu mpaka zikakauka chupa mbili za maji. Hela ya mwongozaji tulikuwa nayo, tumeitenga kwenye bahasha. Hakuna aliyetuuliza.