Bunduki ya Mjomba na Wanja wa Mama Mwanahawa

Nguruwe mwitu wa Miteja, kijijini kwetu, wana dharau. Nyama yao hatuli, lakini muhogo wetu wanaula, na msimu ule walikuwa wameshafyeka upande mzima wa shamba la mjomba, ule unaopakana na mikorosho. Mjomba ana kibali cha bunduki, tena bunduki yenyewe ya kuagiza: mwili wa Mauser ya zamani, muundo wa 1898, mtutu mpya wa .30-06, kitako cha mninga. Fundi mwenye leseni wa Dar es Salaam ndiye aliyeviunganisha. Ilipofika nyumbani, majirani walikuja kuitazama kama mtoto mchanga.

Usiku wa kwanza shambani ikagoma. Mjomba akisukuma bolti, risasi inakita kwenye mdomo wa chemba na kusimama hapohapo. Nguruwe wanasikia, wanaendelea kutafuna.

Nyumba ikageuka karakana. Mjomba alikuwa na risasi bandia za kujaribia, hazina baruti wala fataki, na jioni nzima ni kraka-krak, kraka-krak juu ya meza ya kulia, mkewe, Mama Mwanahawa, amesimama na sinia hana pa kuiweka. Kwanza lawama likaangukia ukavu. Ikapakwa mafuta ya nazi. Yakashika vumbi na unga wa nyumba nzima, hata kufikia asubuhi bolti ikawa inavutwa kwa mikono miwili. Kisha akajaribu kutumbukiza risasi chembani kwa mkono, mojamoja. Bolti haikufunga, na isingefunga: kucha ya Mauser hudaka kitako cha risasi kikiwa kinapanda kutoka kwenye kasha la risasi. Ukiitanguliza risasi mbele, kucha inabaki kuigonga kwa nyuma.

Bibi, aliyezaliwa kwenye milima ya Matumbi ambako Vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905, alikuwa ukumbini na tambuu yake.

"Wazee wetu walikunywa dawa risasi za Mjerumani zigeuke maji," akasema. "Kumbe dawa ilikuwa kumpelekea Mjerumani fundi wako."

Jirani mmoja akashauri aitwe fundi baiskeli aje na tupa. Mama Mwanahawa akakataa katakata. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na yeye hana nia ya kupeleka chakula mahabusu.

"Baba Mwanahawa, hebu lete hizo risasi zako za uongo."

Akatoa wanja wake, akazipaka pua zote nyeusi tii. Zikapangwa ndani ya kasha, bolti ikavutwa na kusukumwa, zikatolewa. Tukamulika tochi. Mdomo wa chemba ulikuwa na doa hafifu tu. Ukuta wa mbele wa kasha ndio uliochorwa: mistari myeusi iliyonyooka, kutoka chini hadi juu.

Basi hapo. Kasha lilitengenezwa kwa risasi ya Kijerumani yenye ganda la milimita 57 na urefu wote wa 82. Ile ya .30-06 ina ganda la 63, na nzima inakaribia 85. Fundi alibadilisha mtutu, kasha akaliacha na mambo yake ya zamani. Risasi ilipanda ikijikwaruza ukutani, ikachelewa mbele, ikafika juu imeinamisha pua. Milimita tatu zimekula muhogo wa familia.

Bunduki ikarudi Dar es Salaam na barua ya polisi. Iliporejea ina kasha jingine, ilimeza risasi bandia zote bila kukohoa, na mjomba akalala nayo shambani usiku huohuo. Hakuna aliyekuja. Muhogo wa upande ule ulikuwa umekwisha, na nguruwe wamehamia kwa yule jirani wa tupa.

Wanja nao ulikuwa umekwisha. Mjomba alinunua mwingine Somanga. Mama Mwanahawa akaufungua, akaunusa, akamrudishia. Si wenyewe.