Sifa za Mtu Anayetusumbua Kabla ya Safari

Kila kikundi kinachopanga kwenda kupumzika huwa na mtu mmoja asiyepumzika. Kwetu Kilosa ni wifi yangu. Hakuna aliyempigia kura, lakini wote tunamwita Katibu. Ikitajwa tu safari ya siku moja kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, simu zetu hazilali. Nani hajatoa mchango? Nani anakuja na mtoto? Nani hana kitambulisho? Anauliza usiku, na alfajiri anauliza tena. Watu humnung'unikia kwamba anawaharibia raha kabla haijaanza. Mimi nataka kumsifu.

Nianze na mchango. Neno "nitatoa kesho" Katibu halipokei, hata likitoka kwa mjomba wake. Anadai kwa upole usiokoma. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Katibu hachelei kilio cha mtu. Anajua kwamba lango la hifadhi la Kikoboga halipokei fedha taslimu. Malipo ni ya kielektroniki. Kikundi ambacho nusu ya fedha zake ziko mifukoni na nusu ziko kwenye ahadi kitaegesha gari nje, watu wachangishane upya huku jua likipanda. Wanyama hawasubiri hesabu zenu. Uwanda wa Mkata hupendeza mapema, tembo, pundamilia na nyumbu wakiwa wazi majanini. Jua likikaza, simba hujitafutia kivuli na wewe unabaki kutazama nyasi.

Kitambulisho nacho kina maana yake. Mtanzania hulipa kiingilio cha mwananchi, kidogo sana kuliko cha mgeni, ila sharti aonyeshe kuwa ni mwananchi. Anayekiacha nyumbani huwachelewesha wenzake wote.

Halafu kuna saa ya kuondoka. Kilosa ni mji wa reli na tumekua tukijua kwamba treni haimsubiri mtu. Coaster ya kukodi humsubiri kila mtu: anayetafuta kiatu, anayepiga pasi, anayesema "niko njiani" akiwa bado kitandani. Ndiyo maana inahitaji Katibu. Kutoka kwetu hadi Mikumi mjini, kwa kupitia kata ya Ulaya, ni karibu kilomita 80, na masika ya Machi hadi Mei hugeuza safari hiyo kuwa ya tope. Ukifika, bado unashika barabara kuu kuelekea Morogoro hadi langoni. Akisema saa kumi na moja alfajiri, amekwisha kupiga hesabu ya yote hayo.

Mlangoni mwa gari hukagua mizigo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo chapati zilizofungwa humo huhamia kwenye hotipoti. Chakula hakitupwi dirishani, wala nyani halishwi, maana nyani aliyezoea mkono wa mtu hugeuka hatari kwa anayekuja nyuma yako.

Katibu humkalia hata dereva shingoni. Barabara kuu hukatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50, malori ya Zambia yakipita na twiga wakivuka, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. "Kaka, punguza," husema, na baada ya kitambo, "Kaka, punguza tena." Abiria huguna. Lakini mnyama aliyegongwa barabarani harudishwi na faini, na abiria vilevile.

Mara ya mwisho tulifika kwenye bwawa la viboko mapema. Watoto walikuwa wameshiba, gari lina mafuta, tairi la akiba lipo, na hakuna aliyekuwa akimdai mwenzake. Tulikaa kimya tukisikiliza viboko wakikoroma majini. Niligeuka nimwonyeshe Katibu, nikamkuta amelala, kichwa dirishani, orodha bado iko mkononi, kila jina limewekewa alama. Ndipo nilipoelewa kwamba utulivu ule wote aliutengeneza yeye, kwa majuma mawili ya kutusumbua.

Sikumwamsha. Nilitoa simu, nikamtumia mchango wangu wa safari ijayo, ambayo hata tarehe yake alikuwa hajaitangaza.