Namna ya Kushuka Melini na Njaa Yako

Meli ya kitalii ikifunga gati pale Malindi, Unguja, adui wa kwanza wa mlo mzuri wa bei nafuu huwa ameshakaa mezani akikusubiri. Ni staftahi ya melini: mayai ya kila namna, soseji, keki, mananasi yaliyochongwa maua, na vyote vimeshalipiwa ndani ya tiketi. Vikatae. Kunywa chai kavu, vaa viatu vya kutembelea, shuka ngazi na njaa yako ikiwa nzima. Ndiyo mtaji utakaouhitaji leo, pamoja na noti ndogo ndogo za shilingi.

Abiria wengi hufanya kinyume. Hula melini wakashiba, huzunguka Mji Mkongwe asubuhi nzima wakipiga picha milango, kisha jua likiwa la utosi hurudi melini kula cha mchana kwa sababu "kimeshalipiwa." Hesabu hiyo inaniuma. Mji umepigwa picha kila pembe, na mama aliyeamka alfajiri kukanda unga hakuambulia hata shilingi mia kutoka kwenye meli yenye watu wengi kuliko mtaa wake mzima. Mwongozo huu nauandika ili wewe usiwe mmoja wao.

Hatua ya pili: weka kando ratiba ya meli (isipokuwa saa ya kurudi, hiyo iandike mkononi kwa kalamu) na ushike ratiba ya jiko la pwani. Hapa ndipo wageni wanapopotea. Wote wamesikia habari za Forodhani, ile bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa na wakfu wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wanaifikia saa tano asubuhi wakiwa na hamu ya pweza, wanakuta mabenchi, miti na paka. Meza za chakula hupangwa jua linapoelekea kuzama, na saa hizo meli nyingi zimeshawataka abiria wake wawe ndani. Kwa msafiri wa mchana mmoja, Forodhani ni mahali pa kukaa kivulini. Tumbo lipeleke kwingine.

Asubuhi lipeleke Darajani. Soko lile limekuwapo tangu 1904, na kutoka lango la bandari ni mwendo mfupi wa miguu. Papasi, yaani dalali wa watalii, atakayekudaka langoni atakwambia anajua mkahawa mzuri sana. Anaujua kweli, na mkahawa nao unamjua. Ujira wake utaupata ndani ya bili yako. Mwitikie salamu, mshukuru, songa mbele. Ukifika sokoni usitafute kibao chenye picha za vyakula. Tafuta mgongo wa mchukuzi. Popote wachukuzi, wauza samaki na makondakta wa daladala walipoinama juu ya sahani, vuta benchi. Mtu anayebeba magunia kutwa hana muda wa kurudi mahali palipompunja wala palipomharibu tumbo, na kwa kuwa wateja ni wengi, sufuria haipati nafasi ya kupoa. Hapo utapata chapati, mandazi, maharage ya nazi, supu na chai ya tangawizi, na utalipa pesa ambayo melini haikununulii chupa ya maji.

Wewe msomaji wa Kiswahili una nguvu ambayo abiria mwenzako hana: unaweza kuuliza. Uliza kabla ya kukaa, na usalimie kabla ya kuuliza. "Shikamoo mama. Wali na samaki leo bei gani?" Lafudhi yako ya Nairobi, ya Lubumbashi au ya Minneapolis itasikika, na haidhuru kitu. Akishataja bei, usimkatie. Ubishi wa bei una mahali pake, kwenye vinyago na vikoi. Sahani ya wali imeshapigiwa hesabu ya nazi, mkaa na kodi ya meza, na faida inayobaki ni kiduchu. Anayetoka kwenye meli yenye bwawa la kuogelea akambishia mama lishe shilingi mia tano, basi amekosa adabu.

Ijumaa mchana, jihimu. Watu wanakwenda msikitini, maduka mengi yanafunga, na ukichelewa utakula macho. Ramadhani ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu miaka hii mwezi huo huangukia Februari na Machi, ndani kabisa ya msimu wa kaskazi unaozileta meli hizi. Mchana wa Ramadhani Unguja watu hawali hadharani, na mgeni naye hali hadharani. Siku hiyo staftahi ya melini naihalalisha mimi mwenyewe. Ile vizuri.

Sasa alasiri, saa ambayo mwongozo huu wote ulikuwa unaingojea. Kuanzia kama saa tisa hutoka urojo, na sijui chakula kinachomfaa abiria mwenye haraka kuliko huu. Mtazame muuzaji anavyofanya. Anaweka bakulini viazi vya kuchemsha vilivyokatwa, bajia, kachori, na nusu ya yai. Anachota mchuzi wa njano, mzito kidogo kwa unga wa ngano na mchachu kwa embe mbichi au ukwaju, anaumimina mpaka viazi vinaelea. Kisha anachomoa nyama kwenye kijiti cha mshikaki, anatia kijiko cha chatini ya nazi, anakuuliza habari ya pilipili, na mwisho anarushia juu konzi ya muhogo uliokaangwa mkavu. Hapo usipige picha. Muhogo ukilowa, nusu ya raha imekwenda. Kula umesimama, au kaa barazani kama wenyeji, rudisha bakuli, utabakiwa na muda wa kutosha kuifikia ngazi ya meli.

Meli yako ikiwa imefunga gati Kilindini, Mombasa, sheria ni zilezile ila mapishi yanabadilika. Patana bei ya tuktuk kabla hujapanda. Asubuhi ingia Mji wa Kale ukatafute mahamri na mbaazi za nazi. Wawili hawa hawatenganishwi, na anayekuuzia mahamri peke yake hakutakii mema. Baadaye nenda Mama Ngina, ufukweni pale palipojengwa upya na kufunguliwa 2019, mahali ambapo watu wa Mombasa wenyewe huenda kupunga upepo. Nunua muhogo wa kuchoma. Muuzaji ataupasua katikati kwa kisu, achovye kipande cha ndimu kwenye pilipili ya unga na chumvi, na kuusugua mpaka uwe mwekundu. Agiza na dafu. Ukimaliza maji mrudishie alipasue, akuchongee kijiko kutoka kwenye kumbi lake lenyewe, ukwangue nyama laini iliyo ndani. Wageni wengi huliacha dafu baada ya maji, nami kila nikiona nasikitika.

Tumbo lako lisilozoea lipe heshima: kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako, matunda yamenye mwenyewe, maji yawe ya chupa iliyofungwa. Wala usijaribu kupanda na muhogo mfukoni, kwani meli nyingi hukataza vyakula vibichi na vya kupikwa kutoka nje.

Wachache wenye bahati, ambao meli yao inalala bandarini Unguja, ndio wanaoruhusiwa kurudi Forodhani baada ya magharibi. Huko bei za vijiti vya pweza, kamba na kambakochi hutajwa kwa kila kimoja, kwa hiyo uliza kwanza ndipo unyooshe kidole. Walio na pesa kidogo wapange foleni ya pizza ya Zanzibar, ambayo ni unga uliotandazwa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa pale pale. Shushia juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, na kama barafu inakutia shaka, mwambie akupe bila barafu.